Ombi la Beth kwa Ajili ya Nekesa

Wanaomwita Nekesa mvivu hawajui lolote. Kabla ya kujifungua alikuwa akipakia biskuti kiwandani Thika, anasimama kutwa, na jioni bado anafua nguo za mumewe, Khisa, huku akiimba. Hapa kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Witeithie, mimi na yeye tunagawana ukuta, kwa hiyo najua nisemalo.

Alipomzaa Mitchell, nyimbo zilikatika. Nikawa nasikia kilio, tena si cha mtoto. Wanawake wa ploti tulimpikia njahi, yale maharagwe meusi, kwa zamu ili maziwa yashuke, kama ilivyo desturi ya huku, naye akawa anazikoroga tu na kijiko. Sote tulitazama sahani. Aliyemuuliza ana nini ni Beth, rafiki yake wa kanisani.

Nekesa akamfungulia moyo. "Beth, nikimshika huyu mtoto sisikii kitu. Saa zingine natamani tu niende nisirudi. Lakini usiambie mtu."

"Hiyo ni yetu sisi wawili na Mungu," Beth akamwambia.

Jumapili Beth akashika maiki mbele ya kanisa zima. "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu Nekesa. Adui amemwingilia, hataki mtoto wake." Huku kwetu udaku ukishaitwa maombi hakuna wa kuukemea. Watu wakafumba macho. Mimi sikufumba, nikamwona Nekesa kwenye benchi la nyuma, mtoto kifuani, akitafuta njia ya kutoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki haikuisha kabla maneno hayajafika Kimilili kwa kina Khisa, na mama mkwe akaja na begi lake. Hakumuuliza hali. "Nikisikia hayo mambo tena, naenda na mjukuu wangu," alisema, na Khisa akainamisha kichwa. Beth naye akaja na chupa ya chai. "Si nilikuwa nakuombea tu, my dear." Nilimchukia siku hiyo na sijamsamehe.

Siku ya chanjo nilimsindikiza Nekesa kliniki, mama mkwe akiwa nasi. Tukamwacha huyo mama kwenye foleni nje ya mlango, sisi tukaingia. Muuguzi alimdunga Mitchell, kisha akaweka sindano kando.

"Na wewe, mama, unajiskiaje? Kuna wamama hulemewa wakishazaa. Si laana, ni ugonjwa, na unatibika."

Huyo ndiye mtu tuliyemhitaji tangu mwanzo. Nikamgusa Nekesa kiwiko. Akatazama mlangoni, akambana mtoto kifuani.

"Niko sawa, sister. Hata nalala vizuri."

Nikafungua mdomo niseme ukweli mimi mwenyewe. Nekesa akanigeukia na macho yale yale anayomtazamia Beth siku hizi, nikachukua kadi ya chanjo, tukatoka.