Mate ya Baraka na Kopo la Makohozi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa mwili unanisisimka. Ni siku baba yangu alipoinamia darubini hospitalini Tarime akakiona kilichokuwa kinamla. Keti nikusimulie. Mama wa mtoto mwambie akae naye palepale mlangoni, penye upepo. Sababu nitaisema.

Wewe ulikuwa umezaliwa juzi tu. Desturi yetu hapa Itiryo unaijua: mjukuu huletwa kwa babu, babu humtemea mate kidogo kifuani na kumtamkia maneno mema. Baba alikungoja kwa hamu kubwa. Lakini alikuwa na kikohozi. Kilianza tukipalilia mahindi, tukavuna bado anakohoa. Mashati yalimpwaya, na asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho. Yeye alisema ni vumbi la zizini. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeanza kukiogopa kilio hicho.

Mama yako alipokuleta, baba akanyoosha mikono. Bibi Nyangi, mama yake, ambaye macho yalishafifia lakini masikio hayakuwa na mpinzani, akagonga fimbo sakafuni.

"Mura, ngoja. Hayo mate unayotaka kumtemea, unajua yana nini?"

"Ni ya baraka, mama. Yana nini tena?"

"Nakusikia unavyokohoa. Kapimwe kwanza. Mtoto hana haraka, mwenye haraka ni wewe."

Mzee mzima akaitwa mura, yaani kijana, mbele ya mkwewe. Nilidhani atawaka. Alirudisha mikono polepole, akakaa. Haraka haraka haina baraka, ndivyo tunavyosema kila siku bila kufikiri, ila siku ile niliifikiri.

Nikamsindikiza Tarime. Aliulizwa: kikohozi kimezidi wiki mbili? Homa za jioni? Jasho usiku? Umekonda? Aliitikia yote kama mtu anayetajiwa majina ya ng'ombe wake. Akapewa kopo dogo lenye mfuniko, akaambiwa aende nje penye hewa akatoe makohozi. Hapo alifanya kosa ambalo nadhani ni mzee wa Kikurya tu angelifanya. Alisimama wima, akageukia jua linakotoka, akatema kidogo, laini, vilevile anavyobariki, na midomo ikanong'ona maneno. Kwake, mzee kutemea kitu ilikuwa ni kukitakia heri.

Fundi wa maabara, kijana mpole, akalitazama kopo kwenye mwanga.

"Mzee, haya ni mate ya mdomoni. Mimi nataka yale yanayotoka chini kifuani."

"Nimekupa yale niliyomtunzia mjukuu wangu."

"Hayo endelea kumtunzia. Mimi niletee mabaya."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile ndicho kilicholeta alichokuwa anakitaka fundi. Akapewa na kopo la pili, la asubuhi, alijaze akishasukutua na kabla hajala.

Majibu yalipotoka, fundi alitukaribisha tuone wenyewe. Niliinama baada ya baba. Mwanangu, niliona uwanja wa buluu, na juu yake vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala huku na huku. Baba yangu aliweza kumtambua ndama wake akiwa ng'ambo ya bonde, lakini hawa walikaa kifuani mwake na hakuwajua. Kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa ndani kuliko nguo.

"Wamekaa kwangu muda wote huu bila hodi," alisema taratibu.

Niliogopa, tena nikashangaa mpaka machozi yakanitoka. Kifo cha mtu mzima kinaweza kuwa kidogo hivyo, na Mungu amempa binadamu akili ya kukitafuta mpaka kikaonekana. Fundi akatueleza kwamba vijidudu hivi vya kifua kikuu husafiri kwenye hewa ya anayekohoa, na mtoto mchanga ni mwepesi wa kuvipata. Bibi hakujua mambo ya darubini, lakini alikuwa amekukinga.

Baba alimeza dawa bila kuruka hata siku moja, akapimwa tena na tena, mpaka fundi akamwonyesha buluu tupu. Ndipo akakubariki. Ukamshika pua. Katika ukoo wetu ni wewe peke yako uliyebarikiwa ukiwa na meno.

Siku hizi mambo yamezidi kunishangaza. Gari la picha za kifua lilikuja Nyarero, nikapanga foleni, kwa sababu nami ninakohoa, kama unavyosikia. Wameona kivuli. Wakaniambia picha huonyesha tu pa kutazama, makohozi ndiyo yatakayosema. Kuna mashine inayoyasoma kwa saa chache, ikamtambua mdudu, ikaeleza pia kama dawa ya kawaida itamweza. Kopo langu ni lile pale dirishani. Nitalijaza kesho asubuhi, kisha niende Tarime.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto wako sitamshika leo. Mikono inaniwasha, sitakuficha.

Ushike ninayokuambia. Kikohozi kikipita wiki mbili, usikitafutie vumbi la kukisingizia. Ukipewa kopo, toa cha kifuani hata kama kinakutia aibu, maana anayekipokea anakutafutia uzima. Ukiambiwa umeugua, meza dawa mpaka mwisho, na wote mnaolala nyumba moja mkapimwe. Na mtu akikugongea fimbo kwa sababu anawapenda wanao, mtii, hata ukiwa na mvi.

Leo pokeeni baraka ya maneno, nikiwa hukuhuku nilipo. Mtoto huyu akue. Awe na ng'ombe na majirani wema. Awazike wazee wake, wazee wake wasimzike yeye. Mate yatakuja yakiwa safi. Na akiota meno kwanza, si neno, hata wewe babu yako alikungojea.