Kosa Nililomwachia Uwase

Leo asubuhi nimempigia simu mtu niliyemsingizia, kumbe alijua siku zote.

Daktari haamini kwamba moyo wangu utamaliza mwaka. Nyumba hii ya Gahanga iko kimya, na mimi nina muda mwingi wa kukumbuka.

Zamani niliongoza timu ya waandishi wa programu za kompyuta kule mtaa wa Remera. Kila baada ya wiki mbili tulikaa kikao cha kuulizana nini kimeharibika. Wakati fulani mfumo wa mteja ulizimika siku nzima. Nikasema mbele ya wote kwamba Uwase, mgeni kazini, ameweka mabadiliko kwenye mfumo bila kuyajaribu.

Niliyaweka mimi.

Leo nimemwambia hivyo. Akacheka kidogo, akaniita mzee kwa lugha ya kwetu kama zamani.

"Muzehe, umesahau kazi yako? Kila badiliko hubaki na jina la aliyeliweka. Nililiona lako siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kila mtu hutaja kosa lake mwenyewe. Nikakusubiri. Vikao vitatu, Muzehe. Halafu nikaacha kazi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi (hata dawa nilikunywa mapema). Kwa hilo sikujiandaa.

Nikamwomba msamaha.

"Hukunisema tukiwa wawili," akasema. "Waambie waliosikia."

Akaniaga, kikao chake cha asubuhi kilikuwa kinaanza.

Basi, wenzangu wa timu ile, najua mko humu kwenye kundi hili la mtandaoni. Kosa lilikuwa langu.

Mkishasoma, msinijibu mimi. Mwandikieni yeye.