Taa Nilizozilenga Mwenyewe

Mimi nina hasira za karibu. Sisemi kwa kujisifu, nasema ili mnijue mapema, kwa sababu haya ninayoyaeleza yangemtokea mtu mpole yangeishia kwa kicheko na kikombe cha kahawa. Kwangu hayakuishia hivyo, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa na gari la shamba, lile la bodi la mbao, linalolala Matemwe na kuamkia mjini. Mimi ni mtoto wa mjini, lakini nilioa Matemwe nikajenga huko huko, mwendo mfupi tu kutoka kwa wakwe zangu. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri nililipiga gari hendeli mpaka likawaka, nikapakia watu na makapu ya samaki na nazi, tukashika njia. Na kila siku, kabla sijazimaliza nyumba za mwisho za kijiji, nilikutana na baba mkwe wangu anakuja kwa miguu, anakwenda kujaza maji birika la msikiti watu hawajafika.

Tulikuwa na desturi yetu. Nilisimamisha gari, nikateremka, maana mkwe haamkiwi ukiwa umekalia kiti, nikamwambia, "Shikamoo Baba." Naye, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Kisha huweka kiganja chake juu ya madigadi, akasoma dua kwa sauti ya chini, akalipulizia gari kama anavyopuliziwa mtoto mwenye homa. Abiria wote huitikia amin. Sikupata kumwambia mtu, lakini dua ile ndiyo iliyonitia moyo wa kuliendesha gari bovu lile katika njia ya mawe.

Taa zake za mbele zilikuwa hazina maana, kibatari kina nafuu. Mwenzangu mmoja wa njia ya kaskazini akaweka taa kubwa kwenye gari lake, watu wakamsifu mpaka basi. Loo, roho iliniuma! Nikahangaika mjini mpaka nikapata taa mbili zilizong'olewa kwenye gari la Kimarekani, pana kama sahani za pilau. Nikazipeleka kwa fundi wangu wa Kikwajuni, mtu wa makamo, maneno yake machache na subira yake nyingi. Akazigeuzageuza, akafuta kioo kwa ncha ya shati.

"Hizi ni za watu wanaopita mkono wa kulia," akasema. "Tazama kioo kilivyochongwa, kinamwaga mwanga kulia. Sisi twapita kushoto. Anayekuja mbele yako utampiga machoni."

"Basi kigeuze."

"Hakigeuki. Lakini tutaziinamisha zitazame chini. Niletee gari siku lina mzigo. Ulijaze watu na makapu kama unavyolijaza siku zote, tulisimamishe mbali na ukuta, nikupigie chaki. Gari tupu linadanganya. Likishapakiwa, springi za nyuma zinalala, pua inapanda juu."

Hapo nshachemka. Watu nitawatoa wapi wa kuja kukaa garini Kikwajuni nipimiwe taa? Nikamwambia, "We fundi wapenda kujifanya mwalimu. Nifungie tu, kulenga nitalenga mwenyewe." Akanifungia, akakusanya spana zake.

Jioni ile ile nikalipeleka gari Mji Mkongwe, mahali palipokuwa na ukuta mpana uliopakwa chokaa upya na njia inayoweza kupitisha gari. Lakini Mji Mkongwe ndio ule ule, nafasi imebana, baina ya pua ya gari na ukuta hazizidi hatua nane. Nikachora mstari wa chaki, nikawasha, nikalegeza nati, nikazisogeza mpaka mwanga ukatulia chini ya chaki, duara mbili safi. Garini hamna mtu, hamna hata kapu. Wapita njia wakasimama kutazama, mmoja akasema, "Mashaallah, taa hizo!" Kichwa kikavimba. Nilikuja kuzilenga tena baadaye sana, mambo yameshaharibika, abiria wamekaa vitini mwao, kwa namna ile aliyosema fundi. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Alfajiri ya kwanza gari likajaa kama kawaida, samaki nyuma, nazi juu ya samaki. Nikawasha taa zangu. Bibi mmoja muuza samaki akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma, "Dereva, unatafuta embe juu ya miti? Mbona twaona makuti tu?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba asiyetaka taa zangu Mungu amempa miguu. Kumbe mwanga ulikuwa umepaa, na uliobaki unamwagika upande wa kulia, vile vile alivyosema fundi.

Mara nikamwona mkwe wangu anakuja kwa upande wa kulia. Nikapunguza mwendo. Alipofika kama hatua thelathini mbele yetu akasimama, akatoka njiani, akaingia kwenye majani, akatupa mgongo. Mzee mzima, kasimama anatazama kichaka! Nikasema labda ana haja yake, nikangoja. Hakugeuka. Nikapiga honi. Nampigia honi mkwe wangu, astaghafirullah! Akanyanyua mkono mmoja bila ya kugeuka, kama anayesema haya, pita. Nikapita, uso unaniwaka.

Siku ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Nikamsikia abiria mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Mzee siku hizi hamsomei?" Hilo ndilo lililonichoma. Tangu hapo sikupunguza tena mwendo.

Mngekuwa nyinyi mngemuuliza. Mimi sikuuliza. Nilikaa nikatafuta sababu kichwani mwangu, nikazipata tele: kwamba ananiona mtu wa kuja, kwamba kaambiwa nnajivuna na taa, kwamba tangu mwanzo alitaka binti yake aolewe na mvuvi wa pale pale. Nikaacha kwenda kwao siku za Ijumaa. Mke wangu akiniuliza, nasema nimechoka. Siku moja ananipakulia chakula akaniambia kwa upole, "Bwana, taa zako zile mbona kali sana? Watu wanasema zinaumiza macho." Nikamkata kauli, "Wewe wajua nini habari za taa?" Akafunika chungu.

Ikapita miezi hivyo hivyo, ukafika mwisho wa Shaabani. Kwetu watu hawapendi kuingia Ramadhani na vinyongo. Mdogo humwendea mkubwa akataka radhi, hata kama halijui kosa lake, na mume wa binti humwendea mkwewe kabla ya wengine. Mke wangu akanitolea kanzu, akaifukiza udi, akaitandaza kitandani. Nikaitazama, nikatoka na shuka yangu kiunoni kwenda kukaza nati za gari zilizokuwa hazijalegea. Nilisema moyoni, aliyenikosea ndiye aje. Mzee wa umri ule, aje kwangu mimi! Mke wangu akaenda peke yake. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na sikumuuliza kitu.

Katika kumi la pili la Ramadhani mzee akashikwa na homa, siku tatu tu. Siku ya tatu niliporudi na gari kutoka mjini nikawakuta wanaume wamekaa nje ya nyumba yake, kimya. Nikabeba jeneza pamoja na wenzangu, nikatia mchanga kaburini. Watu walipoulizwa wanamjuaje marehemu, wakajibu wote kwa pamoja, "Mwema." Midomo yangu ilicheza lakini sauti haikutoka. Wallahi hata pale kaburini nilikuwa bado nimenuna.

Mama mkwe akakaa eda. Mke wangu akahamia kwa mama yake, nami nikamfuata, nikawa nalala chumba cha nje. Siku chache baada ya Idi hendeli ya gari ikanirudi, ikanitegua mkono wa kulia, nikamtafuta dereva wa kunishikia kazi. Alfajiri ya kwanza ya kukaa bure usingizi haukunijia. Tangu mzee afe, birika la msikiti alikuwa analijaza yeyote aliyewahi. Nikasema leo na niwahi mimi, hata kwa mkono mmoja, nikashika njia ile ile aliyokuwa akipita yeye.

Nikalisikia gari langu linakuja. Nalijua kwa mngurumo, nikafurahi kwamba limewaka bila ya matata. Kisha likakata kona, taa zikanipata.

Sikuona njia, sikuona shimo, sikuiona miguu yangu mwenyewe. Ilikuwa weupe mtupu, na maumivu yanaingia mpaka nyuma ya mboni. Miguu ikanitoa njiani yenyewe, nikajikuta nimo kwenye majani, uso kichakani, mkono mzima juu ya macho. Yule dereva akapunguza mwendo, akapiga honi. Nikanyanyua ule mkono mbovu, apite.

Gari likapita na mimi nikabaki nimesimama vile vile. Miaka yangu ilikuwa thelathini na kitu, macho yangu mazima. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yana ukungu. Kijiji kizima kilijua, na mimi nilijua.

Msikitini sikufika. Nilirudi nikamkuta mke wangu anapuliza moto jikoni, nikakaa chini pale mlangoni, nikamweleza yote: mzee kunipa mgongo, honi niliyompigia, mkono wake, dua niliyodhani kaninyima. Ndiyo mara ya kwanza kumwambia. Akaacha kupuliza, moto ukafa.

"Zile taa zilikuwa zinamuumiza," akasema. "Alinambia mwenyewe. Nlipotaka kukwambia wazi wazi akanikataza. Alisema mkwe hakosolewi kazi yake na watu wa nyumba ya mkewe, ataona hatumheshimu. Alisema dua anaisoma huku kakupa mgongo, na gari likishapita analipulizia kwa nyuma."

Nikamuuliza, siku ile ya kutakana radhi ilikuwaje.

"Alikaa barazani tangu asubuhi, kavaa kanzu yake ya Idi. Nlipotokea peke yangu akaniuliza, 'Nimemkosea nini mwenzio?' Nkasema sijui Baba, hajanambia. Na kwenye homa akaniuliza tena, nkamjibu vile vile. Akasema, 'Siku utakayolijua kosa langu, nitakie radhi kwake.'"

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaja akakaa chini mbele yangu, akanitazama usoni.

"Basi leo nshalijua," akasema. "Baba anakutaka radhi."