Jina Lililofunikwa na Chokaa

Nakumbuka siku moja nilisikia bati likiguna kwa upepo ndani ya ukungu, kabla sijaona chochote. Kisha hanga, banda la kuwekea ndege, likatokea, kubwa kama kilima. Mwanangu, hapo palikuwa uwanja wa zamani wa ndege za mabomu, nje kidogo ya Brussels. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walirusha ndege zao kutoka hapo. Walipofukuzwa, Waingereza nao wakarusha zao. Kanisa letu la Wakongo lilikodi hanga lile, na sisi vijana wa kwaya tukatumwa kulipaka chokaa kabla ya ibada ya kwanza. Unatujua: tukipata ghala la kusalia, kwanza liwe jeupe.

Ukutani palikuwa na majina ya penseli, na vistari kando ya kila jina. Mimi nikaona uchafu. Nikapitisha brashi.

"Eh, mutoto, simama!" Papa Kabwe, mzee wa kanisa, alinifikia akihema.

"Papa, kesho ni dimanche, siku ya ibada! Maman pasteur atatuua."

"Atakuua weye, mimi nitaimba kwa matanga yako. Soma kwanza! Muntu hawezi kuandika jina yake bure."

Akaniongoza kwa kidole. Kila kistari kilikuwa safari moja ambayo ndege ilirudi. Vistari vilipokoma, mwenye jina hakurudi.

"Na shaba ya risasi za ile vita," akasema polepole, "baba yangu alichimba kule kwetu Kongo, Likasi. Donc, basi, huu ukuta ni ya kwetu pia."

Nikaweka brashi chini. Marubani wale walikuwa vijana wa umri wangu, mwanangu. Walirudi wakiwa hai, wakatafuta penseli.

Chokaa haijakauka, akaingia mama mmoja wa Kiingereza mwenye mvi. Alikuwa ameambiwa kwamba jina la baba yake, ambaye hakuwahi kumwona, limo ukutani. Akatafuta jina kwa jina, hakulipata. Nikamwonyesha pale peupe. Akaweka kiganja kwenye chokaa mbichi, akakaa hivyo muda mrefu.

Majina yaliyobaki hatukuyagusa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujasafisha mahali ulipopakuta, uliza nani alipita hapo, nawe usome kwanza alichoacha. Mungu akupe mkono wa taratibu, na umri mrefu wa kuwakumbuka hata usiowajua.

Mama yule hakunilaumu. Alifuta kiganja kwa leso, akatoka, na mlango mzito wa chuma ukafungwa nyuma yake.