Wifi aliyeniita mchawi sasa analala stendi, na mimi ndiye wa kupeleka jina lake apate chumba

Admin, naomba unifichie jina, maana wahusika wote wana simu. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, mjane, nipo Kahama. Naandika mwenyewe kwa darasa la saba la zamani, mnivumilie nikikosea.

Niliolewa Ushetu, tukalima tumbaku na marehemu mume wangu miaka yote. Kuchochea moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku, ilikuwa kazi yangu, na ule moshi ndio ulionipa macho mekundu. Mume wangu alipofariki, haikupita miezi mitatu mjukuu wa wifi yangu akapata degedege akafa. Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, nitamwita Mama Kulwa. Siku ya matanga alisimama mbele ya ukoo mzima akaninyooshea kidole. "Mtazameni macho," alisema. "Kwanza kaka yangu, sasa mjukuu. Mnasubiri ammalize nani?" Hakuna aliyebisha. Wiki ile ile waliezua mabati ya nyumba yangu nikiwa ndani. Niliondoka na kanga mbili na sufuria.

Nililala stendi ya mabasi na kwenye vibaraza vya soko msimu mzima wa mvua. Walionitoa ni akina mama wa kikundi kimoja hapa mjini. Hawakunipa sahani ya chakula wakaenda zao. Walinipangia chumba, wakanipeleka kutibiwa macho, wakanianzishia biashara ya michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa, mpaka nikaweza kulipa kodi mwenyewe. Siku niliyokabidhiwa ufunguo nilifunga na kufungua ule mlango mara nyingi hadi mwenye nyumba akaja kuniuliza kama kitasa kimeharibika. Sasa ni mwaka wa tatu, na mimi ndiye ninayetumwa kuwatembelea bibi wengine wasio na pa kulala, nikapeleke majina yao kikaoni.

Mwezi uliopita nikatumwa stendi, kuna bibi mgeni. Nikamkuta Mama Kulwa amekalia boksi. Macho yake yameingia ukungu, hakunijua. Aliposikia nimesimama mbele yake akasema, "Shikamoo, mayu," yaani mama. Ananizidi miaka minane. Niliitikia marahaba, na jamani, ilikuwa tamu.

Nikamuuliza kilichomtoa kwake, na sauti yangu nayo hakuitambua. Akaeleza kwamba wanawe waligombania shamba, kisha mimba ya mkwewe ikaharibika, ikasemwa ni yeye, kwa sababu ya macho yake yale yenye ukungu. Alilia sana. Nikamuuliza taratibu, "Na wewe, ulishawahi kumwita mtu mchawi?"

Akajibu, "Sijawahi, mayu. Mungu anaona."

Angekiri, labda ningelainika. Nilirudi kikaoni nikawaambia yule bibi ana watoto wenye uwezo, amenuna tu, watamfuata. Chumba akapewa mwingine. Tangu hapo kila nikitoka sokoni napitia stendi, nasimama hatua chache namtazama, halafu naenda kwangu nakula ugali wangu nashiba. Sijutii. Jumapili nasali, na bado sijutii.

Sasa kimepatikana chumba kingine, na kiko jirani na changu kabisa, tunatenganishwa na ukuta. Mwenyekiti wetu amepita stendi akamkuta Mama Kulwa anakohoa vibaya, akaniuliza kama kweli nilichunguza vizuri. Nilimwambia nitarudi kuhakikisha. Kikao ni Ijumaa. Nikisema ukweli, mimi ndiye nitakayempelekea ufunguo, kisha kila asubuhi nisikie sauti ile ile iliyonifukuza. Nikinyamaza, mvua zimeshaanza, na kile kifua sidhani kama kitazivuka.

Ndugu zangu, moyo wangu unataka nimfuate kwenye boksi lake, nimtajie jina langu, niutazame uso wake, kisha nigeuke niondoke nao ufunguo. Habari za kusamehe padri ameshaniambia. Ninyi niambieni, Ijumaa nikisimama mbele ya wale akina mama, niseme nini?