Taa Iliyoinama Juu ya Cherehani

Akeno alizaliwa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, katika familia ya wafugaji. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokwenda Lodwar kujifunza kuchomelea vyuma, msichana pekee darasani. Sasa ana miaka thelathini na minne na karakana yake mwenyewe mjini humo, na milango mingi ya mtaa wake ameiunda yeye. Lakini chuma kwake kilikuwa kazi tu, mpaka siku alipoitwa kurekebisha geti la mhandisi mmoja wa visima, mzee wa Kiitaliano aliyekuwa akifungasha mizigo arudi kwao.

Akeno aliingia sebuleni kuomba maji ya kunywa, akasimama pale pale mlangoni. Pembeni palikuwa na jiwe jeupe la marumaru, kimo chake kama mtungi wa lita ishirini. Kutoka kwenye jiwe hilo ulipanda utepe wa chuma kinachong'aa, ukapinda juu ya makochi, ukavuka mita mbili na zaidi, na nchani ukashika kuba la alumini lenye taa ndani. Darini hapakuwa na ndoano wala waya. Akeno alipita chini yake mara mbili, kichwa kimeinuliwa. Maji aliyasahau.

Mzee alifurahi kumweleza. Taa ile ilibuniwa Italia mwaka 1962 na ndugu wawili waliotaka mwanga ushuke juu ya meza bila kutoboa dari. Wazo walilitoa kwenye taa za barabarani, ambazo mguu wake uko kando na mwanga wake katikati. Jiwe lilikuwa na zaidi ya kilo sitini, nalo ndilo lililozuia taa isianguke. Akeno aliingiza kidole katika tundu lililopenya jiwe, akauliza ni pambo la nini.

Mzee alileta ufagio, akapitisha mti wake tunduni. "Shika upande huo, dada," alisema. "Hapa hakuna pambo. Kila kitu kina kazi."

Wakainua wote wawili, na jiwe likaondoka sakafuni. Akeno aliliangalia tena lile tundu. Mtu wa mbali, kabla yeye hajazaliwa, alikuwa amewafikiria watu wawili watakaohamisha taa, akawaachia mahali pa kushika.

Taa ilisafiri na mwenyewe. Akeno alibaki na umbo lake, ambalo alilichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana.

Miezi michache baadaye alikwenda Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ng'ambo ya Kakuma, kufunga mlango wa Nyibol, fundi cherehani aliyetoka Sudan Kusini. Nyumba ilikuwa ya mabati, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, ndani giza hata saa sita mchana. Mchwa walikuwa wamekula miti ya paa, kwa hiyo paa halikuweza kubeba hata taa ndogo. Balbu ya sola ilikuwa ukutani, nyuma ya Nyibol, na kivuli chake mwenyewe kiliangukia mshono. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Vitambaa vyeusi alikuwa amekwisha kuvikataa.

"Nyeusi nashona na vidole tu," alisema. "Siioni."

Akeno aliomba apewe wiki tatu. Taa ya kwanza aliisimamisha kwenye ndoo ya saruji. Alipotundika kuba, yote ilipinduka na balbu ikapasuka. Hakukasirika. Alicheka peke yake, maana sasa alijua kwa mikono yake mwenyewe sababu ya zile kilo sitini. Akatafuta jiwe kwenye korongo kavu, akalichonga kwa tindo siku nne, pamoja na tundu lake. Kuba alilitengeneza kwa sufuria ya alumini, akalitoboa juu ili joto litoke.

Lori lilimfikisha Kalobeyei asubuhi. Yeye na Nyibol waliliingiza jiwe ndani kwa mpini wa jembe, polepole, wakapumzika mara tatu. Akeno akafunga chuma, akaunganisha waya, akawasha.

Mwanga ulishuka juu ya cherehani kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nyibol alipunga mkono wake juu ya kuba, kati yake na paa, akitafuta kinacholishika. Kisha akaketi, akachukua uzi mweusi na kuutia kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Akautoa, akautia tena.

"Akeno," alisema taratibu, "naona."

Wiki hiyo Nyibol alipokea kazi ya suti nyeusi ya mchungaji wa kanisa lao. Akeno ameunda taa nyingine tisa tangu hapo, na moja iko kwa mkunga wa Kakuma, juu ya kitanda cha kuzalishia. Mtoto wa kwanza kuzaliwa chini yake ni msichana. Akeno alialikwa kwenda kumwona, akamkuta amelala kwenye mwanga ule, ngumi zimekunjwa, akaligeuza kuba kidogo ili mwanga usimwangukie machoni.