Barua ya Msamaha Niliyoiharibu kwa Kiingereza Changu

Kosa ni langu, tena si la bahati mbaya. Ni kiburi cha mzee aliyemaliza kidato cha nne akajiona ndiye mwenye Kiingereza cha mtaa mzima wa Chaani.

Watu huniletea barua zao niwaandikie kwa Kiingereza. Nilikuwa nikiwadharau, sifichi.

Jirani yangu, nimwite Chengo, alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, katika yadi moja ya makontena. Siku moja akagonga ukuta, kipande kikaanguka. Akatakiwa kuandika barua ya kujieleza, na kazi yake ikawa inaning'inia kwenye barua hiyo.

Alikuja na karatasi yake ya Kiswahili: nilichoka, nimekosa, naomba mnisamehe. Mistari mitatu. Nikaicheka mbele yake. Nikamwambia hiyo ni ya kuombea chumvi kwa jirani.

Nikaandika yangu, ukurasa mzima, na mwisho nikapachika msemo niliouokota kwa mabaharia: "It's not the end of the world." Yaani ukuta umeanguka, dunia haijaisha. Nikajiona bingwa, mpumbavu mimi!

Nilipomfasiria, Chengo alikuna kichwa. "Babu, hapo mbona kama tunawaambia waache kelele?"

"Kiingereza umesomea wapi wewe? Tia sahihi."

Akatia.

Msemo wenyewe haukuwa na kasoro. Lakini hayo ni maneno ya barazani, ya aliyekosewa kumpoza aliyekosa. Mkosaji hayasemi, tena kwa maandishi, kwa bosi wake!

Meneja aliisoma mbele ya wafanyakazi wote. Akamwambia Chengo kwamba, maadamu dunia haijaisha, akatafute kazi kwingine humo humo duniani.

Aliporudi nikamlaumu yeye, eti hakujua kujitetea. Wallahi, nilithubutu! Nafsi iliponisuta nikaenda kwa meneja kukiri kuwa mwandishi ni mimi. Akaniuliza sahihi ni ya nani. Nikaondoka.

Sasa Chengo anasukuma mkokoteni wa maji. Nilipomwomba radhi alinijibu taratibu, "Nilijua haiko sawa, babu. Niliona haya kukukatalia."

Nyinyi wenzangu wenye vijisemo vya Kiingereza mfukoni, mtu akikuletea msamaha wake, andika aliyoyasema. Hakuja kusikia umesoma wapi.

Na wewe kijana, mzee akikuambia utie sahihi na moyo wako unakataa, mkatalie. Hata akiwa ni mimi.